MTOTO SI MJINGA: HAKUFUNDISHWA LUGHA YA SHULE

Ndugu wafanyakazi wa migodi, nanyi wananchi wa mjini na wa vijijini,

Kuna jambo linalowala watoto wetu kimyakimya. Halina moshi, halina kishindo, wala haliandikwi katika daftari la ajali. Jambo hilo ni lugha ya shule. Kila mwaka, pale Yangambi na pande zote za Kisangani, watoto huingia mwaka wa kwanza wakiwa na akili timamu na ulimi mwepesi. Baada ya miaka michache wako walioitwa wajinga mara nyingi hata wao wenyewe wamelikubali jina hilo. Sisi twalikataa. Mtoto huulizwa kwa lugha ambayo hakufundishwa, halafu huadhibiwa kwa kutojibu. Huo si ujinga wa mtoto. Ni dhuluma ya wakubwa.

Sisi tuandikao ni makarani wa mgodi. Watoto wetu, na wa wenzetu wengi, tumewaacha Yangambi kwa mama zao na bibi zao, nasi tumefuata kazi. Shughuli yetu ya kila siku ni majina, siku za kazi, malipo na mikataba. Sisi ndio tushikao wino wa dole gumba. Tumewaona wanaume wenye nguvu na busara, wajuao jinsi mwamba unavyolia kabla ya kuanguka, wakiweka dole gumba chini ya karatasi ya Kifaransa wasiyoielewa hata mstari mmoja. Tumewasikia, miezi sita baadaye, wakisema: “Karani, sikuambiwa hivyo.” Ni kweli, hawakuambiwa. Waliandikiwa tu.

Basi fikirini: wengi wa watu hao walipita shuleni. Walikaa miaka mitatu, minne, wakarudia darasa, wakachekwa, wakaondoka. Ule mkataba mbaya haukuanzia ofisini kwetu. Ulianzia kwenye dawati la mwaka wa kwanza.

LUGHA NNE KWA SIKU MOJA

Yangambi iko ukingo wa kulia wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 chini ya Kisangani. Mtoto wa hapo akiamka asubuhi husikia Kiturumbu au Kilokele kwa bibi yake. Akitumwa sokoni hununua chumvi kwa Lingala. Akipelekwa Kisangani kwa wajomba hukutana na Kiswahili kila pembe. Watoto wa miaka saba hugeuza lugha mbili, hata tatu, bila kukwama. Tena bila kitabu na bila fimbo. Je, huyo ndiye asiye na kichwa cha lugha?

Kisha kengele ya shule inalia, na lugha ya nne inaingia: Kifaransa. Kwa watoto wengi nyumbani hakuna aisemaye. Mwalimu anaandika sentensi ubaoni, darasa zima linaiimba kama wimbo wa kanisani, na kila mtu anafurahi kwamba masomo yanaendelea. Mtoto ameimba, hajui ameimba nini.

Fanyeni jaribio hili ninyi wenyewe. Mwulizeni mtoto wa mwaka wa nne, kwa lugha ya sokoni: mama ana samaki 24, anataka kuwapanga sawasawa katika vikapu 6, kila kikapu kitapata samaki wangapi? Atajibu wanne kabla hujafunga mdomo. Sasa mwandikieni hesabu hiyohiyo kwa Kifaransa. Atautazama ubao, atatazama miguu yake, na mwisho atapata sifuri. Twauliza: sifuri hiyo imepima nini? Hesabu anaijua. Mwenye kumpa sifuri ya hesabu kwa kosa la lugha ni sawa na kapita akatiaye mtu mshahara kwa sababu sepetu ya kampuni imevunjika mpini.

JINSI TULIVYOFIKA HAPA

Wazee wetu walituachia kumbukumbu. Wakati wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, na watoto wengi walifundishwa kwa lugha za kienyeji. Mpango wa masomo wa mwaka 1948 uliwagawanya watoto: wengi walipelekwa njia ya kawaida, na wachache walioteuliwa ndio waliotayarishwa kwenda mbele hadi sekondari. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao. Katika mwaka huohuo wa 1948 ilitolewa karatasi ya sifa, carte du mérite civique, na mwaka 1952 ikaja immatriculation. Mwenye kuitaka alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba yake, kuona kama anaishi kama Mzungu. Kifaransa kilikuwa ufunguo, na funguo zilihesabiwa.

Kwa hiyo baba zetu walipodai Kifaransa, walidai haki. Mwaka 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret alipoanza kufungua shule za serikali kwa watoto Waafrika, zisizo za misioni, zenye kufundisha kwa Kifaransa, wazazi wengi walizikimbilia. Hawakuwa wapumbavu. Waliona kwamba lugha ya kienyeji imegeuzwa ukuta wa kuwazuia.

Mwaka 1962, miaka miwili baada ya uhuru, ikaamuliwa kwamba Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Nia ilikuwa njema: mlango uliofungwa ufunguliwe kwa wote. Lakini mlango ulio juu ya ukuta, ukifunguliwa bila ngazi, wataingia warefu tu. Waliokuwa na Kifaransa nyumbani waliingia. Mtoto wa mchimbaji na wa mvuvi walibaki chini wakitazama.

Mwaka 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi wakataka lugha za taifa zirudi darasani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza, yasema Kifaransa ni lugha rasmi, na lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezitaja lugha za taifa na lugha za mahali kuwa chombo cha kufundishia. Na tangu Septemba 2019 Serikali ilitangaza shule za msingi za umma kuwa bure, madarasa yakajaa.

Kwa hiyo, ndugu, msidanganywe kwamba twaomba zawadi. Sheria ipo. Twauliza tu kama imefika darasani, au imelala kabatini Kinshasa.

WAPO WASEMAO

Wapo wasemao: “Ninyi makarani mmekwisha kupata Kifaransa chenu kwa mapadri. Sasa mwataka watoto wetu wabaki na Kiswahili na Lingala, kama enzi za Wabelgiji.” Neno hili ni zito, wala hatulidharau, lina makovu ndani yake. Twajibu hivi. Mbelgiji aliifanya lugha yetu mwisho wa njia. Sisi twaitaka iwe mwanzo wa njia. Kifaransa twakitaka chote: cha mkataba, cha hakimu, cha daktari, na kile cha Mtihani wa Serikali ulioanzishwa mwaka 1967. Kwa kuwa twakitaka kweli, twadai kifundishwe kweli.

Wengine husema: “Mtupe mtoto majini, ataogelea.” Enyi watu wa mto! Ni baba gani kati ya Walokele amfundishaye mwanawe kuogelea kwa kumtupa katikati ya mto Kongo? Humwanzishia ukingoni, penye maji ya magoti, mkono wa baba ukiwa chini ya tumbo lake. Siku moja mkono unaondolewa, na mtoto hatambui hata umeondolewa lini. Atupwaye katikati huzama, na mto hauna daftari la waliozama.

Wengine tena husema: “Yangambi ina makabila mengi, mwalimu atumie lugha gani?” Swali hili linajibiwa uwanjani wakati wa mapumziko. Lugha ambayo watoto wanagombania mpira kwayo, hiyo ndiyo wanayoielewa wote. Penye Lingala iwe Lingala, penye Kiswahili iwe Kiswahili. Na mtoto anayejua Kiturumbu tu, akae karibu na mwenzake ajuaye zote mbili, amnong'oneze maana bila kupigwa.

ULIMWENGU UMEKWISHA KUYAJARIBU

Haya hatukuyaota. Mwaka 1953 shirika la Unesco lilitoa kitabu cha wataalamu waliosema kwamba lugha iliyo bora ya kumfundishia mtoto ni lugha ya mama yake. Mwaka 1970, huko Ife katika nchi ya Nigeria, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walichukua watoto wakawafundisha masomo kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya shule ya msingi. Kiingereza kilifundishwa kama somo, na mwalimu aliyekijua vyema. Wale wenzao wa kulinganishwa walihamishiwa Kiingereza mapema. Watoto wa Kiyoruba walifanya vizuri zaidi katika masomo, wala katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma.

Huko Canada mtaalamu Jim Cummins aliwachunguza watoto wa wageni waliojifunza Kiingereza shuleni, akaandika matokeo yake mwaka 1981. Aliona kwamba lugha ya kusalimiana na ya kucheza mtoto huipata kwa kiasi cha miaka miwili. Lugha ya vitabu, ya hesabu na ya mtihani humchukua miaka mitano hadi saba. Na hiyo ni katika nchi ambayo lugha ile imejaa barabarani na dukani! Sisi twampa mtoto wa Yangambi miezi michache, lugha yenyewe haisikii ila kwa mwalimu, kisha twasema hana akili.

Jirani zetu wa Tanzania nao watufundishe. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zao za msingi za serikali, nayo ni heshima kubwa. Lakini sekondari ilibaki Kiingereza. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akute karibu kila somo ni Kiingereza, na wengi hunyamaza hapohapo. Maana yake ni kwamba lugha ya nyumbani peke yake haitoshi. Daraja likiishia katikati ya mto, si daraja. Lugha ya pili lazima ifundishwe kwa mpango, polepole, mpaka ng'ambo.

WATAALAMU WA YANGAMBI WALIANZIA WAPI?

Watu wa Yangambi wanao ushahidi mlangoni mwao. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo, na Yangambi ikawa makao yake makubwa. Leo kazi hiyo i chini ya INERA. Tangu mwaka 1948 INEAC ilichapisha vitabu vinene vya mimea ya Kongo. Kila mti umepewa jina la Kilatini. Lakini fungueni vitabu hivyo mtazame: chini ya Kilatini yameandikwa majina ya kienyeji, na mara nyingi imeandikwa kwamba jina hili ni la Kiturumbu. Kwa nini? Kwa sababu msituni mwenye kuujua mti alikuwa mtu wa hapo, na mtaalamu wa Ulaya alimwuliza kwanza: huu mwauitaje?

Basi ikiwa bwana mkubwa mwenye digrii alianzia Kiturumbu ili afike Kilatini, kwa nini mtoto wa Mturumbu akatazwe kuanzia Kiturumbu ili afike Kifaransa?

Kuna mwalimu mwingine wa hapo, naye ni ngoma ya mti ya Walokele. Ngoma haina irabu wala konsonanti. Ina sauti ya juu na sauti ya chini tu. Maneno mengi yangefanana masikioni. Ndiyo maana mpigaji hasemi neno moja akanyamaza. Hulizungushia maneno mengine marefu, hulirudia, mpaka aliye mbali aelewe pasipo shaka. Misionari John Carrington wa Yakusu alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Mtoto mgeni wa Kifaransa ni kama msikilizaji wa ng'ambo ya mto: husikia nusu ya sauti. Mwalimu afanye kama mpiga ngoma. Aseme, aonyeshe kwa mkono, aseme tena kwa njia nyingine, arudie kesho. Asiseme mara moja kwa haraka, kisha akashika fimbo.

YAPASA KUFANYWA NINI

Kwanza, masikio na mdomo vitangulie kalamu. Mtoto ajifunze kusikia na kusema Kifaransa cha vitu anavyoviona: ndoo, mlango, mvua, njaa, nipe, ngoja. Kusoma na kuandika aanze kwa lugha aijuayo. Ajuaye kusoma Lingala au Kiswahili amekwisha kujua kusoma. Herufi ni zilezile, hazifundishwi mara mbili.

Pili, mawazo mapya yaelezwe kwanza kwa lugha inayoeleweka, kisha yapewe majina ya Kifaransa. Kugawanya ni kugawanya. Akikwisha kuelewa samaki na vikapu, mpeni neno diviser, naye atalishika, kwa kuwa lina mahali pa kukaa.

Tatu, mtoto anyamazaye asihukumiwe. Mtu mgeni wa lugha husikiliza kwa miezi kabla ya kuthubutu kusema. Mbegu iliyo chini ya udongo haionekani, lakini si kwamba imekufa. Aulizwe maswali ya kujibu kwa kidole, kwa ndiyo na hapana, kwa kuchora, mpaka ulimi ufunguke.

Nne, adhabu ya lugha iishe. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alieleza mwaka 1986 jinsi watoto wa ukoloni walivyochapwa au kuvalishwa kibati shingoni kwa kosa la kusema Kikuyu shuleni, na jinsi mtoto alivyofundishwa kumsaliti mwenzake. Desturi kama hizo hazikuishia Kenya, wala hazikufa na ukoloni. Shule ifundishayo mtoto kuaibikia sauti ya mama yake haifundishi Kifaransa. Yafundisha woga.

Tano, makosa yatenganishwe. Mwalimu akisahihisha hesabu, asahihishe hesabu. Kosa la lugha alionyeshe kando, kwa upole, kwa kuisema sentensi upya ilivyo sawa.

Sita, mwalimu mwenyewe asaidiwe. Hatuwalaumu walimu wetu. Wengi wao hubeba madarasa yaliyojaa kwa mshahara mdogo, tena uchelewao. Kumwambia mwalimu afundishe kwa Lingala bila kumpa kitabu cha Lingala ni kumtuma mtu shimoni bila taa. Vitabu vije, mafunzo yaje, na mwalimu aliye bora wa shule apewe mwaka wa kwanza, wala asiwekwe wa mwisho peke yake ili kupamba matokeo ya mtihani.

NA SISI WAZAZI

Enyi akina baba, enyi akina mama, msiseme kwamba hamwezi kusaidia kwa kuwa hamjui Kifaransa. Msaada wenu ni lugha yenu. Mtoto mwenye hadithi nyingi, mafumbo mengi na maneno mengi kwa lugha ya nyumbani, huenda shuleni akiwa na ghala. Kifaransa kitakuta pa kuweka mizigo. Jioni mwulizeni: leo mmejifunza nini? Akujibu kwa lugha yako. Akishindwa kukueleza, jua kwamba hakuelewa, na kesho yake fika shuleni uulize. Msiache lugha yenu nzuri ili kumsemesha Kifaransa cha kuokoteza. Mtampa lugha mbili mbovu badala ya moja nzima.

Shule zina kamati za wazazi. Nani huenda huko? Mara nyingi ni wale wenye Kifaransa, na wengine hukaa nyuma kimya, kama watoto wao. Sasa twende wote, na mkutano uendeshwe kwa lugha ya wote. Tumwulize direkta maswali matatu tu: Mwaka wa kwanza hufundishwa kwa lugha gani? Vitabu vya lugha hiyo viko wapi? Mtoto akisema lugha ya nyumbani hufanywa nini? Majibu yaandikwe katika daftari la mkutano. Na asiyejibiwa arudi mwezi ujao na wenzake kumi.

Tena tusilale. Mwaka 2022 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na Kiingereza, kilichokuwa somo la sekondari tu, sasa chabisha hodi sokoni na mpakani. Wako watakaosema: kiingizwe tangu mwaka wa kwanza, mtoto atupwe majini tena! Kabla ya kutupwa mtoni wa pili, tuwaulize wangapi wamevuka ule wa kwanza.

Ndugu zetu wa mgodini, mnajua kazi ya mbao za kushikilia dari. Haziwekwi kwa kumdharau mchimbaji. Zawekwa ili afike ndani, apate mali, atoke mzima. Hakuna awaambiaye: ninyi ni hodari, ingieni bila mbao. Mwenye kusema hivyo mgodini mngemfukuza. Basi na shuleni tumkatae. Watoto wa Yangambi wawekewe mbao katika lugha ya shule, wafike ndani mpaka mwisho, wasome kila mstari wa mkataba kwa macho yao, na pale pasipo haki waandike wenyewe, kwa mkono wao: HAPANA.

Wino wa dole gumba na ukauke.